Sauti Mia Nne na Kumi na Mbili za Chambwe

Karani Anzuruni alikuwa amefika jina la mia mbili na saba wakati upepo wa mtoni ulipopindua ukurasa. Akaurudisha kwa kiganja, akaweka kokoto juu yake, kisha akaliita jina lilelile mara ya pili ili asije akamruka mtu.

"Shauri Mbwege!"

"Nipo."

"Karibu utoe maoni yako kuhusu daraja, mzee wangu."

Mzee Shauri akasimama, maji yakimchuruzika kwenye pindo la suruali, akaja mbele kupokea njiti yake moja ya kiberiti. Huo ndio utaratibu wa nchi ile: kila mwananchi husikilizwa mpaka njiti yake iishe kuwaka. Ni utaratibu wa haki kabisa, kwa kuwa njiti ya tajiri na njiti ya maskini hutoka kwenye kasha moja. Mzee akaiwasha, akaikinga kwa kiganja, akakohoa kusafisha koo.

"Kwanza kabisa, nawasalimu nyote mliofika..."

Ikazimika.

"Ahsante sana," akasema Karani, akaandika polepole kwa mwandiko ulionyooka: *Amesalimia. Hana la ziada.*

"Lakini mwanangu, ndiyo kwanza nafungua mdomo!"

"Njiti imezimika, mzee wangu. Mimi natumwa tu."

"Mdomo ufungulie nyumbani, mzee, uje nao ukiwa wazi!" Sauti ilitoka viti vya nyuma. Alikuwa Pongwa, seremala wa Chambwe, mtu asiyeacha neno lipite bila kulichonga. "Mimi nimefanya mazoezi wiki nzima. Nasema 'daraja' kabla njiti haijashika moto."

Watu wakacheka. Wale waliovuka mwisho walicheka huku meno yakigongana kwa baridi.

*

Nchi hiyo wenyewe huiita Nchi Sikivu, na haikupata jina hilo kwa bahati. Zamani, watawala wake waliamua mambo bila kumuuliza mtu, na wananchi wakanung'unika. Watawala wakasikia manung'uniko, wakatubu hadharani, wakatunga Sheria ya Sauti Zote. Kifungu chake cha nne kimechongwa kwenye jiwe mbele ya kila ofisi: *Hakuna litakaloamuliwa iwapo sauti moja imebaki nje.* Siku jiwe la kwanza lilipozinduliwa, watu walilia kwa furaha. Tangu siku hiyo hapajaamuliwa kitu.

Anzuruni alikuwa karani wa maoni kwa miaka ishirini na miwili. Hakusoma sana, kazi yake alijifundisha mwenyewe, kwa kunakili magazeti ya kufungia vitunguu mpaka mkono wake ukawa na kasi ya mdomo wa mtu. Aliamini jambo moja, na aliliamini kimyakimya kama mtu anavyoamini dawa ya nyumbani kwao: kwamba neno likiandikwa vizuri halipotei. Ndiyo maana hakuwa mwepesi wa kulaumu. Alipoona jambo limekwenda kombo, kwanza alikagua mwandiko wake.

Kijiji cha Chambwe kiko ng'ambo ya Mto Kigwe. Shule, zahanati, soko na ofisi viko ng'ambo hii. Maji ya Kigwe hufika kifuani wakati wa kiangazi, na wakati wa masika hayana haja ya kupimwa. Chambwe waliomba daraja, na serikali, kwa kuwa ni sikivu, ikaitisha mkutano wa kuwasikiliza. Sheria inasema mikutano ifanyike wananchi walipo. Lakini gari la viongozi halikuweza kuwafikia wananchi walipo, kwa kuwa hapakuwa na daraja. Wataalamu wakakaa siku tatu wakilitafakari, wakatoka na ufumbuzi: wananchi wako pale ambapo viti vyao vimewekwa. Viti vikawekwa ng'ambo hii.

Basi watu wa Chambwe wakawa wanavuka mto usio na daraja ili wakaseme kwamba mto hauna daraja. Huu ulikuwa mkutano wa tatu.

*

Mbele ya viti vya plastiki kulikuwa na turubai, na chini ya turubai Kiti cha Kusikilizia, chenye mgongo mrefu na matakia mawili. Ndani yake alikaa Mheshimiwa Mratibu wa Usikivu, Bwana Protasi Ngomeni. Asubuhi, kabla majina hayajaanza kuitwa, alikuwa amefungua mkutano.

"Ndugu zangu," alisema, "leo sikuja kusema. Nimekuja kusikiliza. Usikilizaji wangu utachukua saa moja na nusu, kwa hiyo naomba mtu asinikatize."

Akasikiliza kwa saa moja na nusu. Alisikiliza historia ya usikivu, alisikiliza mafanikio ya usikivu katika wilaya jirani, akasikiliza takwimu. Alipomaliza kusikiliza sauti yake ilikuwa imekauka, akaletewa maji ya chupa.

"Mwisho kabisa," alisema akiwa amekwisha kunywa, "naomba niwaeleze jambo zito. Vyuma vya daraja vimefika wilayani. Viko juu ya malori matatu, na madereva wako kwenye usukani. Jua likizama leo sauti zote mia nne na kumi na mbili zikiwa zimetimia, vyuma vinakuja hapa. Zisipotimia, vinakwenda Ukame wa Juu."

"Ukame wa Juu kuna mto gani, mheshimiwa?" akauliza Pongwa.

"Hakuna mto. Lakini kuna watu kumi na mmoja, wote wametimia, na wote wanaafiki."

Kwa hiyo Chambwe walikuja wote. Tangu daftari la sauti lilipofungwa mwaka uliotangulia, wazee wa kijiji walikuwa wamejizuia kufa kwa ajili ya daraja. Wagonjwa wawili walivushwa juu ya vitanda vya kamba, wamebebwa mabegani na wanaume wanane, na mmoja wao, alipoitwa, alinyanyua kidole tu kwa sababu njiti hakuweza kuishika. Karani akaandika: *Yupo. Ameafiki kwa kidole.*

Mia nne na kumi na mmoja walikuwapo. Alikosekana mmoja, na kila mtu pale alijua ni nani.

*

"Siwema binti Kombo!"

Karani aliliita kwa sauti ileile aliyoitia majina mengine. Hakuna aliyejibu. Akaliita mara ya pili. Kwenye safu ya kinamama, bibi mmoja mwembamba aliyejitanda kanga nyeusi akanyanyuka taratibu.

"Alishatoka nyumbani, baba," alisema.

"Nani, mama?"

"Siwema. Ni mwanangu. Ametoka nyumbani tangu alfajiri ya mkutano uliopita."

Huyo alikuwa Bi Kidawa. Alfajiri ya mkutano wa pili, bintiye alivuka pamoja na wenzake, wameshikana mikono kama kawaida ya Chambwe, kila mmoja amefunga nguo kavu kichwani. Katikati ya mto mnyororo ule ukakatika. Walimtafuta siku tisa. Hawakupata hata kanga. Mkutano wenyewe uliahirishwa siku ileile, kwa kukosa sauti moja.

Msomaji mwenye haraka atauliza: si wangemfuta tu daftarini? Walitaka sana. Lakini kumfuta mtu ni uamuzi, na uamuzi huhitaji sauti zote, pamoja na ya anayefutwa. Wala sheria haikutaja kifo mahali popote. Hilo halikuwa kosa la serikali. Sheria ilipokuwa inatungwa wananchi walishirikishwa, lakini shughuli ile ilifanywa kama sherehe, kwa ngoma na ubwabwa, na watu wa nchi ile hawataji kifo kwenye sherehe. Ni mwiko, wanaamini kukitaja ni kukialika. Wazee mia saba walikaa siku nne wakapitia kila kifungu, na kila mmoja alijua kilichokuwa kinakosekana, na kila mmoja, kwa adabu, akanyamaza.

Karani Anzuruni akaweka kalamu chini. "Mheshimiwa," alisema, "nimefika jina lile."

Mheshimiwa akatazama saa yake, akatazama jua. "Wananchi wapewe soda," akasema. "Bi mkubwa aje hapa kivulini."

*

Bi Kidawa hakukaa kwenye kiti alichopewa. Alikaa chini, kwenye ukingo wa mkeka, miguu yake yenye matope ameikunja isiuchafue.

"Mama, pole sana," akaanza Mheshimiwa. "Serikali inasikitika. Serikali ina masikio, na masikio yana uchungu."

"Nimeshapoa, baba."

"Sasa mama, jambo lenyewe ni dogo. Sheria inasema sauti isikike. Haisemi isikike kutoka kinywa gani. Wewe ulimzaa, sauti yake ilitoka tumboni mwako. Karani akiita tena, wewe itika 'nipo'. Neno moja tu. Vyuma vitakuja, daraja litajengwa, na hakuna mama mwingine atakayekaa hapo ulipokaa wewe."

Bi Kidawa akamgeukia Karani, si Mheshimiwa. Labda kwa sababu Karani alikuwa amechutama, macho yao yako usawa mmoja.

"Na wewe mwanangu, unasemaje?"

Anzuruni akavipitia vifungu kichwani, kama kawaida yake. "Kwa utaratibu, mama, inawezekana."

"Nikimwitikia, ataacha kuwa amekufa?"

"Kwenye daftari tu, mama."

"Na kwangu?"

"Kwako serikali haiingilii," Mheshimiwa akajibu haraka, kwa upole mkubwa. "Hiyo ni haki yako ya msingi."

Wifi yake mmoja akaja akanong'ona kwamba si vizuri kumwitikia aliyetangulia, kwamba hata arobaini hawakuisoma vizuri kwa kuwa hapakuwa na maiti, na sasa hiki tena. Mzee Shauri naye akaja. Alimwonyesha tu kwa kidevu watoto waliokuwa wakingoja ng'ambo ya pili, wamekaa kwenye kingo kama ndege, kwa sababu walikatazwa kuvuka na shule waliiona kwa macho tu.

"Haya," alisema Bi Kidawa. "Niite."

Karani akarudi mezani kwake, akaondoa kokoto, akatafuta mstari.

"Siwema binti Kombo."

"Nipo," akaitika mama yake.

Akapewa njiti. Upepo, ambao tangu asubuhi haukuwa na huruma na mtu, ulikuwa umetulia, na njiti ikashika moto vizuri, ikawaka wima. Bi Kidawa akaitazama. Ikafika katikati, bado ameitazama. Ilipokaribia vidole alifungua kinywa, na sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba zaidi kuliko yake.

"Nipo. Maji ni ya baridi. Jengeni daraja."

Pale kwenye viti hakucheka mtu. Pongwa alikuwa ameinama, anachunguza viganja vyake kana kwamba kuna kibanzi kimemwingia. Karani akaandika: *Nipo*, katika safu ya mahudhurio. Fomu ilikuwa na nafasi finyu; yaliyobaki akayaweka chini ya *Mengineyo*, akapiga mstari kwa rula.

Jua lilikuwa bado mkono mmoja juu ya vilima. Sauti zilikuwa zimetimia. Mheshimiwa akasimama, akapiga makofi yeye mwenyewe, na watu wa Chambwe wakapiga, kisha wakashikana mikono wakavuka kurudi kwao kabla giza halijaingia.

*

Malori hayakuja wiki ile. Wiki iliyofuata halikuja hata moja. Chambwe hawakuwa na wasiwasi. Walifyeka vichaka kwenye kingo pale nguzo zitakaposimama, na Pongwa akachonga vigingi kumi na viwili, akavipigilia kwa uzi ulionyooka, bila malipo.

Wiki ya sita ilifika barua kutoka Makao Makuu, ina muhuri mara tatu. Anzuruni akaisoma ofisini, akiwa amesimama.

*Kwa heshima na taadhima,* barua ilisema, *tunawapongeza wananchi wa Chambwe kwa kutimiza sauti zote. Taarifa yenu imechambuliwa na jopo la wataalamu tisa. Jopo limebaini yafuatayo. Wananchi wote mia nne na kumi na wawili walivuka Mto Kigwe wakahudhuria, wakiwemo wagonjwa wawili na wazee wengi. Hakuna hata mmoja aliyekosekana. Hivyo imethibitika pasipo shaka, kwa ushahidi wa wananchi wenyewe, kwamba mto huo unavukika kwa usalama pasipo daraja. Aidha, mwananchi mmoja, Bi Siwema Kombo, amesifu ubaridi wa maji. Vyuma vimepelekwa Ukame wa Juu. Tunathamini ushiriki wenu.*

Anzuruni akakaa. Kwanza, kama desturi yake, akakagua mwandiko wake. Akalitoa daftari, akapitia ukurasa kwa ukurasa, jina kwa jina. Halikuwa na kosa. Kila neno lilikuwa limeandikwa vizuri, na alipofika mwisho alirudia tena kuanzia mwanzo, akitumaini kwamba safari hii atalikuta kosa, lake mwenyewe, dogo, la kurekebishika.

"Kuna mrejesho wa Chambwe," alisema Mheshimiwa akipita mlangoni. "Sheria inataka wausikie leo. Chukua kipaza sauti, simama ukingoni, uwasomee. Upepo unaelekea kwao, watasikia vizuri."

"Nitawasomea, mheshimiwa."

"Usome kwa furaha. Ni pongezi."

*

Alisimama ukingoni na kipaza sauti begani. Ng'ambo ya pili watu walikuwa wamekwisha kumwona. Kinamama waliokuwa wakifua waliacha kufua, na mtu mmoja akakimbilia vijumbani kuwaita wengine. Walisimama kando ya vigingi vya Pongwa, wakatulia, wakisubiri.

Anzuruni akainua kipaza sauti. Akafungua kinywa. Kisha akakishusha, akakiweka juu ya jiwe, akavua viatu.

Katika miaka yote ile hakuwahi kuvuka. Hakuna aliyemkataza, kazi yake ilikuwa upande wa viti. Akafunga daftari, barua na kalamu ndani ya shati, akalifunga shati kichwani kama alivyowaona wao wakifanya, akaingia. Maji yalimshika magoti, yakamshika kiuno. Yalikuwa baridi kweli. Alipofika katikati chini pakateleza, na maji yakamvuta kwa mkono wa mtu anayejua anachotaka.

"Simama hapohapo, karani! Usiinue mguu!"

Pongwa alikuwa amekwisha kuingia. Alimfikia akamshika kifundo cha mkono, si kiganja.

"Kiganja kinateleza," alisema. "Kifundo hakitelezi. Nilijua hilo nikiwa nimechelewa."

Wakaenda hatua kwa hatua. Walipofika maji ya magotini Pongwa bado alikuwa hajamwachia.

"Siku ile nilimshika kiganja," akasema. "Siwema. Nilikuwa mimi. Nilikuwa namchekesha, namwambia akifika aseme 'daraja' upesi kabla njiti haijashika. Akacheka. Basi."

Anzuruni akakishika kifundo cha Pongwa naye, wakatoka majini hivyo.

*

Bi Kidawa alikuwa uani, anapepeta mchele. Watu walifuata mpaka kwenye ua wa makuti wakasimama hapo. Karani alisalimia, akapewa kigoda, akaomba radhi kwa kuloanisha uwanja. Kisha akaisoma barua yote, mpaka *tunathamini ushiriki wenu*, kwa sauti ya kawaida, bila furaha na bila huzuni, kwa sababu alitaka wasikie barua na si yeye.

Ungo ulikuwa umesimama mikononi mwa Bi Kidawa.

"Rudia pale," alisema.

"Wapi, mama?"

"Pale kwa mwanangu."

"*Aidha, mwananchi mmoja, Bi Siwema Kombo, amesifu ubaridi wa maji.*"

"Kwa hiyo serikali inasema Siwema yuko hai."

"Kwa mujibu wa daftari, ndiyo, mama."

"Basi mwanangu, niletee." Hakuipandisha sauti hata kidogo. "Kama mmemweka huko kwenye vitabu vyenu, mwambieni mama yake anamwita. Mimi nilimwitikia yeye. Sasa yeye aniitikie mimi."

Wifi yake akaanza kulia. Mzee Shauri akatoka uani, akasikika huko ukingoni aking'oa kigingi cha Pongwa, kisha akaacha. Wengine walimtazama Karani kama watu wanavyomtazama mganga aliyetoka chumba cha mgonjwa, na Anzuruni akahisi kwa mara ya kwanza uzito wa lile alilokuwa akiliamini. Neno likiandikwa vizuri halipotei. Alikuwa ameandika *Nipo*. Halitapotea kamwe. Watu watazaliwa Chambwe na kuzikwa Chambwe, na neno lile litakuwa bado limekaa pale kwenye safu ya mahudhurio, linaushuhudia mto kuwa ni mwema.

Kuku walirudi kuokota mchele karibu na miguu yake.

"Mama," alisema mwishowe, "kabla ya Siwema, mto ulishachukua wangapi?"

"Nani anauliza? Wewe au wao?"

"Mimi."

"Wewe hujawahi kuuliza."

"Sijawahi, mama. Fomu haikuwa na swali hilo."

Bi Kidawa akaweka ungo chini. "Nyumba hii, mmoja. Nyumba ya Shauri, wawili, mtu na mdogo wake. Kwa kina Mbonde ni mama mwenye mimba, alikuwa anapelekwa zahanati. Kwa..." Akasita. "Nyumba ni nyingi. Utaandika wapi?"

Anzuruni akafungua daftari la sauti nyuma, penye kurasa ambazo serikali iliziacha tupu kwa matumizi ya baadaye. Zilikuwa zimeloa pembeni, lakini katikati palikuwa pakavu.

"Hapa," alisema. "Sijui watasoma. Nisikudanganye, mama. Sijui kama kuna mtu wa kusoma. Wakiliona watanifukuza kazi, nafikiri, au watanipongeza. Siku hizi vinafanana."

"Unaandika jina tu?"

"Utakavyosema wewe."

"Maana jina tu walikuwa nalo, ona walivyolifanya," alisema Bi Kidawa. "Wa kwangu uandike yake yote. Tangu mwanzo."

Basi akaanza tangu mwanzo. Siwema alizaliwa Ijumaa, miguu kwanza, mkunga akasema huyu atakuwa mtembezi. Aliogopa mbuzi mpaka akafika miaka sita. Alikuwa hawezi kusonga ugali usiwe na mabuje, na aliolewa nao hivyohivyo, na mume, kabla hawajaachana, alipolalamika alimwambia mabuje ni ya kumfundisha kutafuna. Watu waliosimama uani walianza kukaa mmoja mmoja. Wengine walitia neno: si mbuzi, Bi Kidawa, alikuwa akiogopa beberu wa kina Mbonde peke yake. Wakabishana. Karani akaandika yote mawili. Mtu mmoja alicheka kwa jambo alilolikumbuka, akalieleza, na Bi Kidawa, ambaye hakuwa analijua, akataka lisimuliwe tena taratibu, liandikwe vizuri.

Aliandika mpaka mkono ukamuuma, akaunyoosha, akaendelea. Alasiri ikapita. Wakaleta muhogo wa kuchemsha, akala kwa mkono wa kulia huku akizishika kurasa kwa wa kushoto zisijifunge. Kurasa saba zilikuwa zimejaa na walikuwa bado kwenye nyumba ya kwanza. Watu wa nyumba nyingine walianza kupanga zamu wenyewe kwa wenyewe, nani afuate, nani angoje.

Kivuli cha nyumba kilipofika kwenye kinu, Bi Kidawa alikuwa amefika alfajiri ile. Siwema ameamka, amekunywa chai ya rangi amesimama, hakutaka kukaa kwa kuwa wenzake walikuwa wanamwita njiani. Amechukua nguo kavu. Amerudi mlangoni kuchukua kitu, akasahau ni kitu gani, akacheka mwenyewe.

"Amefunga kanga," alisema Bi Kidawa. "Ya kwanza kiunoni. Ya pili..."

Kalamu ikangoja.

"Hapo uache," alisema.

"Niache hapa, mama?"

"Hapohapo anapofunga kanga. Giza linaingia, na wewe pia huwezi kuvuka saa hizi, utalala kwa Pongwa. Tutaendelea kesho." Akauchukua ungo wake, akautazama mchele, akaupepeta mara moja, akauacha tena. "Leo asivuke."

Karani Anzuruni akafunika kalamu.